Maji Kwanza, Marumaru Baadaye

Dar es Salaam ni watu wachache wanaohamia nyumba iliyokwisha. Wengi huhamia pagale lililostiriwa: bati limepigwa, madirisha yana nondo, chumba kimoja kimepakwa rangi, choo cha ndani kinafanya kazi, na kwingine kote bado ni lipu tupu. Kinachowahamisha ni kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mpangaji akipiga hesabu anaona hela hiyo hiyo ingemalizia sebule yake mwenyewe kule Chanika, Goba au Kigamboni. Anafunga mizigo. Sina cha kumlaumu. Mji huu umejengwa hivyo, tofali juu ya tofali, na siwezi kumwambia mtu aendelee kupanga eti kwa sababu dari yake bado.

Shida huanza akishahamia. Vihela vinapatikana kidogo kidogo, na kila anayepita getini ana ushauri. Fundi wa jipsamu anasema dari kwanza. Shemeji anasema nyumba bila marumaru si nyumba. Mama wa nyumba amechoka na vumbi la sakafu, na ana haki ya kuchoka. Msimamo wangu, baada ya kuzikagua nyumba nyingi za aina hii, ni kwamba mwaka wa kwanza kila shilingi iulizwe swali moja: je, inaondoa maji kwenye nyumba? Kama haiondoi, isubiri. Marumaru zisizowekwa mwaka huu zitawekwa mwakani na hakuna kitakachoharibika. Ukuta ulionyonya maji masika mawili mfululizo hautengenezeki kwa gharama ya gata ulizoziruka.

Tuanze na hesabu, maana watu hawaamini ukubwa wa jambo lenyewe hadi waone tarakimu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita ya mraba moja ni lita moja ya maji. Dar hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, miaka mingine zaidi, na sehemu kubwa huja masika, kati ya Machi na Mei. Chukua paa la mita za mraba 120, ambalo ni la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Hizo ni lita 120,000 kwa mwaka. Siku ya mvua kubwa ya milimita 50, paa hilo linamwaga lita 6,000 kwa saa chache. Ni simtanki sita za lita elfu moja moja, na zote zinamwagika kwenye mstari mwembamba unaozunguka msingi wako.

Nyumba isiyo na gata utaitambua hata ukiwa barabarani. Chini ya ukuta kuna mkanda wa tope jekundu, umepanda hadi usawa wa goti. Hilo ni tope linaloruka tone likipiga ardhi, na kila linaporuka linaulowesha ukuta. Chini yake kuna mfereji mdogo uliochimbwa na matone, na ukiutazama vizuri utaona kokoto zimebaki wazi na mchanga umeondoka. Upe miaka mitano, mfereji huo utakuonyesha zege la msingi. Kwa udongo wa kichanga wa Mbagala au Kigamboni hata mitano ni mingi.

Kwa hiyo gata ni jambo la kwanza, kabla ya dari na kabla ya rangi ya nje. Za plastiki zinatosha, na za bati lililokunjwa zinatosha pia kama uko mbali na bahari. Karibu na ufukwe bati la kawaida huliwa na chumvi ya hewani mapema kuliko unavyotegemea. Cha muhimu ni mteremko. Gata iliyofungwa sawasawa kama rula inapendeza kwa macho lakini maji yanatuama ndani yake, na maji yaliyotuama kwenye gata ndiyo mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeng'ata mchana na kueneza dengi. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, likapata mwingine 2019. Mwambie fundi apigie kamba, ashuke walau sentimita moja kila mita mbili hadi tatu kuelekea kwenye bomba la kushushia, kisha umwage ndoo ya maji upande wa juu na usimame ukiangalia kama yote yametoka.

Bomba la kushushia nalo lazima liwe na pa kwenda. Nimeona gata safi kabisa, bomba safi kabisa, halafu linaishia pembeni mwa kona ya nyumba na kutoboa shimo pale pale. Hapo maji ya upande mzima wa paa yamekusanywa na kuelekezwa kwenye kona moja ya msingi, na afadhali hata kusingekuwa na gata. Yapeleke kwenye tanki ukiweza. Maji ya mwanzo ya mvua yaache yapite, kwa sababu yameosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati. Yanayofuata yanafaa kufulia, kupigia deki, kumwagilia mchicha na kuvusha siku za mgawo wa maji. Tanki likijaa, bomba la ziada liyapeleke mbali, si miguuni mwa tanki.

Baada ya gata, ardhi. Udongo unaoizunguka nyumba unatakiwa ushuke kuelekea nje kama sentimita tano kwa kila mita, katika mita mbili au tatu za mwanzo. Kazi hii haihitaji fundi, inahitaji koleo, toroli na Jumamosi moja. Ukipata saruji, mwaga ukanda wa zege wa upana wa mita moja hivi kuzunguka nyumba nzima, nao uinamie nje.

Hapa kuna kosa moja ambalo siku hizi nalikuta hata kwa watu wenye hela. Mtu anaweka bloku za kutandaza uani, anataka uwanja uwe sawa na kizingiti cha mlango ili gari lisiruke tuta na kiti cha bibi kisigonge. Uwanja unapandishwa. Kumbe kwenye ukuta, juu kidogo ya usawa wa ardhi ya zamani, ndipo palipowekwa ule utandio wa nailoni unaozuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Uwanja ukiufunika, unyevu unauruka kwa nje na kuingia kwenye tofali za juu, na utandio wote unakuwa umepotea bure. Acha walau sentimita 15 za ukuta wazi kati ya uwanja na usawa wa sakafu ya ndani. Hata mchwa utawaona mapema, kwa sababu njia zao za udongo zitalazimika kupita mahali unapopaona.

Nyumba nyingi, kwa bahati mbaya, hazikuwekewa utandio huo, au uliwekwa ukatobolewa siku ya kumwaga jamvi. Hapo ndipo ukuta unapoanza kutoa unga mweupe. Rangi inavimba, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, na lipu ukiigusa inamwagika mkononi. Wenyeji wanasema ukuta una fangasi, wanaenda dukani kununua dawa ya fangasi, na dawa haifanyi kitu. Sababu ni kwamba ule unga si kiumbe hai, ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia vitundu vya tofali, yanabeba chumvi ya udongo au ya mchanga uliotumika kujengea, na yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuiacha. Chumvi ikikaukia nyuma ya rangi inakua chembe chembe na kuisukuma rangi nje. Kutofautisha ni rahisi. Unga mweupe ukiudondoshea maji unayeyuka na kupotea. Kuvu wa kweli ni weusi au kijani, hukaa bafuni na nyuma ya kabati, na huachia ukisugua kwa maji ya jiki.

Fundi rangi atakwambia, “Bosi, hapa tukwangue, tupige puti, halafu rangi ya mafuta. Haitaonekana tena.” Ni kweli, haitaonekana kwa miezi minne. Rangi ya mafuta inaziba pumzi ya ukuta, maji yanakosa pa kutokea chini, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na mwaka unaofuata mstari wa unyevu uliokuwa usawa wa goti unaukuta kiunoni. Ndiyo maana mimi siwashauri watu kupaka ile rangi ya mafuta ya nusu ukuta wanayoipenda kwa ajili ya mikono ya watoto, mpaka wawe na hakika ukuta ni mkavu.

Hakika hiyo inapatikana kwa kipande cha nailoni. Kata nailoni angavu ya kama sentimita 40 kwa 40, ibandike ukutani au sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne pasibaki upenyo, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, tatizo ni hewa ya chumba: nguo zinaanikwa ndani, jiko halina pa kutolea mvuke, madirisha hayafunguliwi. Magonjwa haya mawili hayana dawa moja, na watu wengi wamevunja lipu nzima kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kufungua dirisha. Nigusie hapo hapo kwamba yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, yaliyoteka mji mzima, hufunguka nusu tu ya upana wake. Kwa joto la Dar, dirisha la chumba cha kulala linalofunguka lote ni bora, hata kama halifanani na la jirani.

Ukuta wenye chumvi usiuoshe kwa maji, maana utairudisha ndani. Sugua kwa brashi kavu, zoa unga utupe nje. Kisha tafuta maji yanakotoka na uyaondoe: gata, mteremko, bomba linalovuja ndani ya ukuta, bustani ya maua iliyoegemea chumba cha wageni na kumwagiliwa kila jioni. Uache ukuta ukauke, na kiangazi kimoja kizima si kingi. Lipu iliyooza ibanduliwe hadi juu ya mstari wa unyevu, na mpya iruhusu ukuta kupumua. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua hili. Kuta zao za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, inayoruhusu unyevu uingie na utoke. Walipokuja wakarabati na lipu nzito ya saruji juu ya kuta hizo hizo, unyevu ulifungiwa ndani na kuta zikaanza kuoza kwa nyuma. Nyumba ya tofali za saruji haihitaji kujengwa kwa chokaa, lakini chokaa kidogo katika mchanganyiko wa lipu, na rangi ya maji badala ya ya mafuta, vinaisaidia.

Na lipu mpya isipakwe rangi mapema. Saruji huendelea kukomaa kwa siku 28, na katika muda huo ina magadi makali yanayokula rangi. Haraka ya kupaka wiki ya pili ili sikukuu ikute nyumba inang'aa ndiyo inayoleta mabaka yanayolaumiwa kwa kampuni ya rangi.

Kuhusu paa sina upole. Paa la kujificha, lile ambalo ukuta unapanda juu na bati linakaa ndani lisionekane, limekuwa alama ya nyumba ya kisasa. Linapendeza kwenye picha. Lakini paa la kawaida lililochomoza sentimita 60 au zaidi nje ya ukuta likivuja, linavujia nje. La kujificha likivuja, linavujia sebuleni. Maji yake yote yanakusanyika kwenye mfereji uliofichwa kati ya bati na ukuta, na mfereji huo ukizibwa na majani ya mwembe, mfuko wa nailoni au mpira wa watoto, maji yanapanda hadi yapate upenyo. Kama umeshajenga hivyo, hakuna haja ya kubomoa. Toboa ukuta wa juu uweke mabomba ya dharura, midomo yake ikiwa chini kidogo ya kingo za mfereji, ili mfereji ukijaa maji yatoke nje mbele ya macho yako. Na mwezi Februari, kabla ya masika, panda mwenyewe au mpandishe mtu azoe takataka. Asiyeweza kupanda juu ya paa lake kila mwaka asijenge paa hilo.

Kwa anayenunua bati sasa hivi, akumbuke kwamba geji inahesabiwa kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni nyembamba zaidi. Misumari ya bati lenye migongo ipigwe juu ya mgongo, si bondeni maji yanakopita, na iwe na mpira wake.

Mvua kubwa ya kwanza ikianza, chukua mwavuli uzunguke nyumba yako badala ya kukaa ndani kunywa chai. Dakika ishirini za mvua zitakufundisha mambo ambayo mkaguzi wa kiangazi hawezi kuyaona. Angalia wapi gata inafurika, wapi maji ya jirani yanaingilia chini ya ukuta, wapi yanasimama baada ya mvua kukatika. Kisha ingia darini na tochi, utafute mbao zenye alama mpya za maji. Piga picha. Picha hizo ndizo za kumwonyesha fundi, kwa sababu akija siku ya jua atakwambia kila kitu kiko sawa, na hatakuwa anadanganya.

Maji ya ndani ni sura nyingine. Bafu lisilowekwa marumaru bado ni bahati, kwa sababu unaweza kulipima. Ziba tundu la sakafu kwa tambara, mwaga maji yafike sentimita mbili au tatu, uyaache usiku na mchana. Yakipungua sana, au ukuta wa chumba cha pili ukilowa, usikubali marumaru iguse hapo hadi sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji. Ukizibua tundu, tazama maji yanavyokimbia. Dimbwi likibaki kona ya mbali, mteremko umekosewa, na marumaru hainyooshi mteremko uliokosewa.

Kabla ya kumlipa fundi wa lipu au wa marumaru hela yake ya mwisho, mwaga ndoo mbili za maji kwenye kila tundu la sakafu na kila choo, kisha ufungue chemba ya nje uone kama yanafika kwa nguvu. Saidia fundi wengi huoshea ndoo na miiko yao bafuni. Mabaki ya saruji yanashuka kwenye bomba, yanatulia kwenye kona na kuganda, na wewe unakuja kuyagundua mwaka unaofuata ukiwa na wageni.

Kuhusu visima, umbali unaoshauriwa kati ya kisima cha maji ya kunywa na shimo la choo ni walau mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita 28 na ushei kutoka kona hadi kona. Maana yake, kwenye kiwanja cha ukubwa huo huwezi kutimiza umbali huo hata uweke kisima kona moja na choo kona ya pili, na hapo sijaongelea shimo la jirani lililo nyuma ya ukuta wako. Maji ya kisima cha namna hiyo yatumie kwa usafi, ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tanki nalo lioshwe walau mara mbili kwa mwaka, na mfuniko wake ukae.

Nyufa zinatisha watu kuliko unyevu, na mara nyingi bila sababu. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu mpya ni za kukauka. Za kuogopa ni zile zinazopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, zinazopita hadi upande wa pili wa ukuta, na zinazoendelea kupanuka. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, urudi baada ya miezi mitatu. Kibaha kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na Nairobi wanaujua wa aina hiyo kwa rangi yake nyeusi. Kwenye udongo kama huo, nyumba inanyanyuliwa upande wenye maji na kuachwa upande mkavu, na ufa unafunguka masika na kujifunga kiangazi. Kuujaza saruji kila mwaka ni kazi ya bure. Ardhi inayozunguka msingi inatakiwa ikae na unyevu usiobadilika, ambapo tunarudi kwenye gata, mteremko, na bomba la maji taka linalovuja kimyakimya chini ya dirisha la jikoni.

Usafi baada ya ujenzi una hatari yake ambayo haitajwi. Ukungu wa saruji juu ya marumaru mpya watu huutoa kwa asidi ya kusafishia choo. Inafanya kazi, lakini lowesha sakafu kwa maji kwanza ili asidi isinyonywe na maungio, ipunguze kwa maji mengi, usiipeleke karibu na mawe ya marumaru halisi au terazo kwa maana inayala, na fungua madirisha yote. Isikutane kamwe na jiki. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu dogo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuivuta. Binti wa kazi anayeambiwa “tia vyote ving'ae” hana namna ya kujua hilo usipomwambia.

Siku ya marumaru ikifika, na gata zinafanya kazi na ukuta umekauka, dai mambo mawili. Gundi au udongo wa saruji utandazwe chini ya kigae chote, si mabonge manne kwenye kona. Pita baadaye ukigonga kila kigae kwa sarafu, na kinachotoa sauti ya utupu king'olewe fundi angali yupo. Na ununue boksi moja au mawili ya ziada, yenye namba ile ile ya toleo iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, maana toleo jingine la marumaru hiyo hiyo huja na rangi iliyopishana kidogo. Yahifadhi stoo, juu ya mbao, mbali na ukuta.